Ukiingia Kamati ya Taaluma, Anza na Yatokanayo

Mwalimu mwenzangu uliyeteuliwa juzi kuingia kamati ya taaluma ya chuo, hongera. Makabrasha yatakufikia siku chache kabla ya kikao, mazito kweli. Yasome nyumbani, kalamu mkononi. Ukiyafunua mezani wakati mwenyekiti anauliza kama akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, imetimia, umeshachelewa.

Mtaala huanzia idarani, hupita kwenye kitivo, ndipo huja kwetu. Kutoka hapa huenda Seneti ya chuo, kisha kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya 2001, ambalo ndilo huidhinisha programu. Usijiambie kwamba wakubwa watayaona makosa. Baraza lina mafaili ya vyuo vya Uganda nzima. Anayemjua mwanafunzi wa darasa lile ni wewe.

Mahesabu hayasumbui: krediti moja, kile kipimo cha uzito wa somo, ni saa 15 za mihadhara, na saa mbili za vitendo huhesabiwa kuwa moja. Jumlisha mwenyewe, usiamini jedwali. Tarehe za kuidhinishwa pia ziandike pembeni kwenye daftari lako. Mwaka 2023 habari za programu zilizopitwa na muda wa kutathminiwa zilipovuma, wazazi walitupigia simu wakiuliza kama vyeti vya watoto wao vina thamani, na wana haki ya kuuliza.

Jambo ninalokuomba ulishike kwa mikono miwili ni wanafunzi walioko njiani, yaani walioanza na mtaala wa zamani na bado hawajamaliza. Tuliwahi kupitisha mtaala mpya wa Kiswahili, nami nilikuwemo. Tuliondoa somo moja la mwaka wa kwanza, tukaweka jingine zuri zaidi, tukapongezana. Miaka miwili baadaye kijana aliingia ofisini kwangu, akaniamkia, akaweka karatasi ya matokeo mezani. Alikuwa amefaulu yote isipokuwa somo lile, na alipotaka kulirudia hakuna aliyekuwa akilifundisha. "Mwalimu, nirudie nini?" Nilitafuta jibu kwenye kumbukumbu za vikao. Mjumbe mmoja alikuwa ameliuliza swali hilohilo, likaandikwa "idara italeta maelezo". Kikao kilichofuata, kwenye yatokanayo, ile ajenda ya kufuatilia yaliyoagizwa kikao kilichopita, hakuna aliyelitaja. Kijana alihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na ada ya mwaka huo mama yake aliipata kwa kuuza ndizi.

Kwa hiyo usiruhusu yatokanayo yapitwe haraka, hata kama njaa inauma na chai imeshaletwa. Omba kila agizo liwe na jina la mtu na tarehe. Na mtaala mpya ukija, kabla hujainua mkono kuunga, tafuta aya inayosema anayedaiwa somo lililofutwa atafanya lipi badala yake, na hadi mwaka gani. Kama haipo, omba iandikwe mkiwa bado mmekaa.