Hoteli ina TV 80: maltikasti au yunikasti?

SWALI: Habari fundi. Mimi ndo nashughulika na mambo ya kompyuta kwenye hoteli moja huku Paje, Zanzibar. Vyumba 80, kila TV ina waya wake wa mtandao, na tunataka kurusha chaneli 12 kutoka seva moja badala ya kuweka king'amuzi kila chumba. Jamaa aliyekuja kutupa bei anasema lazima maltikasti, mdogo wangu yupo chuo anasema hiyo ni ya zamani, siku hizi kila kitu yunikasti kama YouTube. Swichi zetu ni zile za bei poa na wageni wanataka kuona kwenye simu pia. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama kaka. Kwenye yunikasti seva inatoa nakala ya peke yake kwa kila anayeangalia, sasa tuseme chaneli moja inakula megabiti 5 kwa sekunde, siku ya Simba na Yanga TV zote 80 zikiwa hewani hiyo ni megabiti 400 na wote wanaangalia mpira uleule! Maltikasti inatoa nakala moja tu, swichi ndo zinaigawa kwa walioomba, yaani hata chaneli zote 12 zikiangaliwa huvuki 60, na hata mkijenga vyumba vingine 100 inabaki 60.

Kwahiyo kwa chaneli za moja kwa moja kwenye waya, jamaa wa bei yuko sahihi. Ila muulize kama bei yake ina swichi ndani, maana hapo ndo watu wanaumia. IGMP ni lugha ambayo TV inaombea chaneli, na snuping ni swichi kuisikiliza. Swichi isiyo na IGMP snuping haijui nani kaomba nini, inamwaga kila chaneli inayorushwa kwenye kila mlango, printa inapokea mpira, mashine ya mapokezi inapokea mpira, na Wi-Fi ndo inakufa kabisa. Ukishaiwasha snuping hakikisha kuna kifaa kimoja, ruta au swichi kubwa, kinachofanya kazi ya kweria, yaani kinauliza kila baada ya muda nani bado anaangalia. Kikikosekana utaona kituko, picha inakuja safi halafu baada ya dakika nne hivi inakatika, ukibadilisha chaneli inarudi, na fundi anakwambia TV mbovu. TV ziweke kwenye VLAN yao, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, na anwani za maltikasti tumia zinazoanzia 239. Na kama seva iko upande mwingine wa ruta angalia TTL, ile namba ya pakiti inayopungua kwa kila ruta, mara nyingi inatoka ikiwa 1 na pakiti zinafia hapohapo kwenye ruta.

Simu za wageni sasa, hapo mdogo wako kashinda. Maltikasti hewani inatumwa kwa spidi ndogo na simu haijibu kama imepokea, kikipotea kipande hakirudiwi, picha inajaa vibox. Simu wape HLS ya yunikasti, yaani video iliyokatwa vipande vifupi ambavyo simu inavivuta kimoja kimoja, na filamu za kuchagua hivyohivyo, maana kila mtu anaanza muda wake na anataka kusimamisha akaoge.

YouTube inatumia yunikasti kwa sababu hiyohiyo, halafu intaneti ya kawaida haipitishi maltikasti kutoka mtandao wa huyu kwenda wa yule. Kuhusu uzamani, sawa, toleo la kwanza la IGMP ni la 1989, lakini IP anayotumia yeye kuingia huko YouTube ni ya 1981.

Bosi akigoma kununua swichi, usilazimishe maltikasti juu ya hizo za bei poa, nenda yunikasti tu. Megabiti 400 seva yenye mlango wa gigabiti inabeba, kagua waya unaounganisha swichi na swichi, ukiwa wa megabiti 100 ghorofa lenye TV 25 tayari linataka 125, huo ubadilishe uwe wa gigabiti. Na chaneli za kulipia chukueni kifurushi cha hoteli, kile cha nyumbani hakiruhusu kusambaza vyumbani.