Fowili kubwa au kigari cha zamani? Majibu ya maswali yenu

Wengi mmeuliza kuhusu fowili (gari linaloweza kusukumwa na matairi yote manne) kama Land Cruiser 200, na kigari kama Vitz ile ya kwanza ya 1999, so najibu kwa hizo hizo.

Swali: Nikiacha Vitz nikachukua Land Cruiser, wese litanimaliza?

Jibu: Litakuuma ndugu yangu. Vitz ya injini ya lita 1.0 ina kama kilo 900 hivi, Land Cruiser inapita tani 2.5, yaani kila ukisimama kwenye foleni halafu ukaondoka unavuta mzigo wa karibu Vitz tatu. Vitz inakula kama lita 6 kwa km 100, Land Cruiser ile ya V8 (injini ya silinda nane) ya petroli ya lita 5.7 hesabu lita 15 na kuendelea. Dizeli ina nafuu lakini bado hazilingani.

Swali: Kubwa si ndo salama zaidi kwa familia?

Jibu: Zikigongana uso kwa uso, nyepesi ndo inaumia, hilo siwezi kukuficha, na vigari vya miaka ile vingi havina eabegi za pembeni. Ila gari refu uzito wake uko juu, ukikata kona ghafla na spidi linapinduka kirahisi kuliko la chini. Halafu kuna hili linaloninyima raha kabisa, mtoto mdogo akisimama mbele ya boneti lile au nyuma ya bampa humuoni, humuoni kabisa, kwa hiyo tafadhali mzazi mwenzangu lizunguke gari kwa miguu kwanza kabla hujawasha, kamera usiitegemee peke yake.

Swali: Mvua ikinyesha fowili inasimama haraka?

Jibu: Hapana! Fowili inakusaidia kuondoka na kupanda, kwenye kusimama kila gari linatumia matairi manne. Tairi kipara ni tairi kipara, na tani 2.5 zikiteleza ndo balaa zaidi.

Swali: Yangu ni ya kuweka fowili kwa mkono, niache imeingia muda wote?

Jibu: Kwenye lami kavu toa. Ukikata kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, na hizo za mkono nyingi hazina difu ya katikati (gia inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa spidi tofauti), so shafti zinakazana mpaka kitu kinaachia. Tope, mchanga, hapo weka. Land Cruiser 200 difu ya katikati inayo, usiilok tu kwenye lami.

Swali: Nimeona fowili kuukuu bei poa, nichukue?

Jibu: Bei ya gari inashuka, ya spea haishuki nayo dada. Hapo kuna difu mbili, transfa kesi (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), oili kila mahali. Anza na matairi, soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kiwanda iliyochapwa ubavuni mwa tairi), 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, ukikuta tairi nne zimechoka zote weka hiyo gharama mezani kabla hamjakubaliana bei.