Potasiamu kwa mbwa anayekula chakula cha nyumbani

Mbwa mzima wa kilo 10 asiye na kazi nzito huhitaji nishati ya kilokalori 600 hivi kwa siku, na ndani yake potasiamu isiyopungua miligramu 600. Kiwango cha AAFCO, wanachokifuata watengenezaji wa chakula cha mbwa Marekani, kinafika kama 900. Sasa tazama bakuli. Gramu 100 za unga wa sembe zina miligramu 140 hivi tu, kwa sababu kiini na pumba vimeachwa mashineni. Dona ina karibu mara mbili ya hapo. Anayeshindia ugali wa sembe hafiki hata nusu.

Kurekebisha ni rahisi. Unga wa dona gramu 100, nyama isiyo na mafuta gramu 100 na viazi vitamu vya kuchemsha gramu 100 vinakupa miligramu 800 hivi, na nishati ya siku imetimia. (Kalsiamu bado itapungua, ila hilo ni suala jingine.)

Wengi huharibu kwenye sufuria. Potasiamu huyeyuka majini, na kadiri unavyokata viazi vidogo vidogo ndivyo inavyotoka. Ukimwaga maji ya kuchemshia, umeimwaga nayo. Katakata vipande vikubwa, weka maji kidogo, kisha songea ugali kwa maji hayohayo. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kwa mbwa mwenye afya hiyo inatosha. Vidonge vya potasiamu na ile chumvi mbadala ya wenye presha, ambayo mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, vikae mbali naye.

Upungufu mkubwa kwa kawaida huletwa na kutapika, kuharisha, kukataa chakula kwa siku kadhaa, au dawa za kukojosha kama furosemidi. Misuli hulegea, mbwa anasitasita kwenye ngazi, choo kinakuwa kigumu, mapigo ya moyo yanavurugika. Hapo ndizi haisaidii kitu. Madafu nayo yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na anayeharisha amepoteza zote mbili. Anahitaji dripu kwa daktari wa mifugo. Potasiamu ya mshipani huenda polepole, isizidi milimoli 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Ikisukumwa kwa mkupuo, moyo unaweza kusimama.

Kuzidi ni hatari vilevile. Mkojo ulioziba, figo zilizofeli ghafla na ugonjwa wa Addison, ambapo tezi zilizo juu ya figo hushindwa kazi, vyote huipandisha. Dawa za moyo kama enalapril na spironolactone pia huizuia isitoke. Kwa mbwa wa namna hii, daktari akisema ipunguzwe, fanya kinyume cha yale ya jikoni: katakata vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga.

Maabara nyingi huhesabu potasiamu ya damu ya milimoli 3.5 hadi 5.5 kwa lita kuwa kawaida. Majibu yakija juu sana na mbwa anacheza tu, uliza damu ilichukuliwaje. Chupa ya kifuniko cha zambarau huwa na EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu. Tone lake likiingia kwenye chupa ya kupimia potasiamu, namba inaruka huku kalsiamu ikishuka ajabu. Damu ichukuliwe upya, chupa ya zambarau ijazwe mwisho.