Kutundika picha kwa maonyesho ya chuo: pima kwanza, msumari baadaye

Mwanafunzi aliyekabidhiwa maonyesho ya mwisho wa mwaka chuoni kwao ameniandikia maswali mengi, na karibu yote yanahusu ufunguzi: mgeni rasmi, kadi, vinywaji. Kutundika picha kumetajwa mwishoni, nusu sentensi. Nitajibu hiyo nusu sentensi, maana hayo mengine hayakosi wa kukushauri.

Kwanza, usiguse nyundo. Sambaza kazi zote sakafuni, kila moja chini ya ukuta wake, ziegemee juu ya vipande vya sponji au katoni. Zihamishehamishe hadi uridhike. Picha kubwa yenye rangi kali itaimeza ndogo iliyo jirani, na ni heri uligundue hilo kabla ukuta haujajaa matundu. Na ukiona kazi hazitoshei, punguza. Najua kumwambia mwenzako kwamba ameleta tano na zitatundikwa tatu si kazi nyepesi, lakini ukuta uliobanana huwaharibia wote watano au kumi walioshiriki.

Sasa urefu. Kosa lililozoeleka ni kulinganisha kingo za juu za picha, kisha ndogo zinabaki zikielea karibu na dari. Kinacholinganishwa ni kitovu cha picha. Galeri nyingi huweka kitovu kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni. Chagua kipimo kimoja na ukifuate ukumbi mzima. Tuseme umechagua 145 na fremu ina kimo cha sentimita 80. Nusu yake ni 40. Geuza picha, vuta waya kuelekea juu kwa kidole kama vile picha inaning'inia, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi kidole kilipo. Ukipata 12, hesabu ni 145 + 40 − 12, yaani 173. Hapo ndipo ndoano inapokaa. Wengi hupima waya ukiwa umelegea, na picha hushuka au kupanda sentimita kadhaa, halafu wanalaumu ukuta.

Wa kulaumiwa wakati mwingine ni sakafu. Kwenye majengo ya zamani huinama, kwa hiyo ukipima kila picha kutoka chini, mstari nao utainama. Pima mara moja tu, kisha vuta uzi kwa pima maji kutoka pembe hadi pembe, na vipimo vyote vitoke kwenye uzi huo.

Tumia ndoano mbili kwa kila picha, zikiachana kama theluthi ya upana wa fremu. Ukiwa na mbili, waya upime ukiwa umevutwa kwa vidole viwili, kwa umbali uleule wa ndoano. Picha iliyoning'inia kwenye msumari mmoja hupinda kila mlango unapobamizwa. Pete za kufungia waya zikae robo hadi theluthi ya kimo kutoka juu. Zikiwa chini zaidi, picha itainamia mbele. Ukuta wa zege usiupigie msumari mtupu, utapinda au utabomoa lipu. Toboa kwa drili, tia kiplastiki cha kushikia skrubu, kisha skrubu.

Taa hufuata baada ya picha zote kukaa. Zielekeze zimulike kwa pembe ya kama nyuzi 30 kutoka wima. Mwanga ukija kwa kulala zaidi, kioo kitamrudishia mtazamaji mng'ao wa taa machoni. Ukishuka wima mno, fremu itaangusha kivuli juu ya kazi. Rangi za maji na michoro ya karatasi zisizidishiwe lukisi 50 (lukisi ni kizio cha kupimia mwanga unaoangukia kitu). Rangi za mafuta huvumilia hadi 200 hivi. Dirisha lenye jua hupita viwango hivyo mbali sana, kwa hiyo kazi za karatasi zisikae mkabala nalo.

Lebo: jina la msanii, jina la kazi na mwaka, vifaa, vipimo, kimo kikitangulia upana. Herufi ziwe za pointi 18 au zaidi. Zote zikae upande mmoja, urefu mmoja. Soma majina ya wasanii mara mbili kabla ya kuchapa. Hakuna msanii anayesahau jina lake lilipokosewa.

Siku ya kushusha ndiyo watu hutoroka, na ndipo kazi huumia. Rangi ya akriliki hulainika kwenye joto, na nailoni ya malengelenge, ile ya kufungia yenye vipovu vya hewa, ikigusa uso wake huacha alama za duara zisizotoka. Tanguliza karatasi laini isiyonata, nailoni ije juu yake, malengelenge yakitazama nje. Matundu ya ukutani yazibe, yakikauka piga msasa, kisha paka rangi ya kopo lilelile lililopaka ukuta. Nyeupe ya kopo jingine itaonekana kama kiraka.