Swali la Lugha: Aliyenusurika Mwezi Ukilipuka, Ni Mkimbizi au Mhamiaji?

Msomaji wa Nakuru anayeendesha mchezo wa kuigiza wa mezani, wenye kisa cha kubuni cha kisayansi, anaeleza kwamba wachezaji wake wawili wamebuni wahusika walionusurika mwezi wao ulipolipuka, wakaingia mwezi mwingine wa dola ileile. Mmoja amemwita mhusika wake mkimbizi, mwenzake amemwita wake mhamiaji. Nani sahihi? Tena, mhusika wa tatu ni roboti: isemwe imekimbia au amekimbia?

Mhamiaji limetokana na kuhamia, kitenzi kinachotazama mtu aendako na kisichosema lolote kuhusu kilichomwondoa. Mkimbizi hutazama nyuma, kwa kuwa anayekimbia ana anachokikimbia. Kwa wahusika hawa, mhamiaji ni neno pungufu mno. Linaufuta mlipuko wenyewe.

Ugumu umo katika dola, kwa kuwa hawakutoka nje ya dola yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa, lakini sharti la kutoka nje ya nchi likabaki. Ndiyo maana waliopiga kambi katika uwanja wa maonyesho hapo Nakuru mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, waliitwa rasmi wakimbizi wa ndani, ingawa mitaani wengi tuliishia kusema wakimbizi tu. Mkataba wa Kampala wa 2009, wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, unawahesabu hata waliong'olewa na majanga ya asili, alimradi hawajavuka mpaka.

Basi wahusika hawa ni wakimbizi wa ndani. Wangeingia dola nyingine kwa sababu ya mlipuko peke yake, lugha ingewaita wakimbizi ilhali mkataba wa 1951 usingewatambua, na wakati wakisubiri uamuzi wangeitwa waomba hifadhi. Ningekuwa mwendesha mchezo, ningemweka hapo afisa wa mpakani mbishi, dadu ziamue.

Roboti ni rahisi zaidi. Husemwa kifaru amekimbia, si kimekimbia, kwa kuwa uhai huishinda ngeli, na mhusika anayewaza na kuogopa amekwisha kupewa uhai: roboti wangu amekimbia. Akizimwa na kupakiwa kama shehena, roboti imepakiwa itakubalika, na mchezaji anayebadilisha upatanisho kwa makusudi namna hiyo sitamkosoa.