Majadiliano ya kikundi ndiyo yaliyonitoa mara ya kwanza

Mdogo wangu, umeuliza ujiandae vipi na majadiliano ya kikundi kwenye usaili wa wahudumu wa ndege. Nimeshakaa mara mbili, zote kwa mashirika ya Ghuba. Ya kwanza niliondoshwa mapema, kabla hata ya chai. Ya pili nilivuka.

Umri na urefu visikuumize kichwa. Emirates, kwa mfano, wanataka miaka 21 na mkono ufike sentimeta 212 ukinyanyua visigino. Unafika au hufiki. Kazi iko kwenye kikundi.

Siku ile tulikaa duara, kumi hivi. Tukapewa karatasi: hoteli imebakiwa na vyumba vitano, wageni tisa, yupo mjamzito, yupo rubani, wapo maharusi, yupo mzee wa kiti cha magurudumu. Nani apewe? Dakika kumi. Mimi, mtoto wa midahalo ya sekondari, nikateka mazungumzo kama nagombea ubunge. Binti mmoja alifungua mdomo mara mbili, zote nikamkata. Jibu letu lilikuwa zuri tu. Majina yaliposomwa, la kwangu halikuwamo. La yule binti lilikuwamo.

Nani kapata chumba hakukuwahusu wasaili kabisa. Walikuwa wanatazama tunavyoishi na wenzetu, maana kwenye ndege unafungiwa masaa manane na watu mliojuana asubuhi hiyohiyo.

Safari ya pili nilifanya mazoezi na watu, si na kioo. Jumapili baada ya kula nawakusanya binamu zangu, simu inahesabu dakika, Kiingereza tupu. Shangazi nikampa kazi ya kubisha kila kitu. Wala haikumpa taabu. Hapo ndipo nikajigundua: kwa Kiswahili mimi mpole, kwa Kiingereza nakuwa mkali kwa kukosa maneno. Nikakariri sentensi kama sita za kukubali, kupinga kwa adabu na kumkaribisha aliyenyamaza, mpaka zikawa zinanitoka zenyewe.

Ule ushauri kwamba ukimbilie kazi ya kutunza muda wa kikundi, achana nao. Kwenye kikundi changu cha pili watu watatu waliitaka kazi hiyo, dakika nzima ikaliwa hapo.

Ukitumwa kueleza mbele, sema “tuliamua”, hata kama wazo ni lako. Na likikataliwa, liache. Kaka mmoja alikataliwa la kwake, akaanza kumnong'oneza jirani ili wapindue. Msaili alikuwa amesimama nyuma yake na daftari.