Mwanangu, kabla hujazisukuma zote

Mwanangu,

Swali lako la poka nimelipata. Ulishika tisa na nane za kopa, mezani zikafunguliwa tatu za kwanza kati ya karata tano za wote: ree ya kopa, mfalme wa shupaza na tano ya kopa. Katikati kulikuwa na 6,000. Mzee uliyebaki naye akaweka 3,000, na wewe ulikuwa na 12,000. Wauliza: utupe karata, ulipe hizo 3,000, au uzisukume chipu zako zote? (Shangazi yako akijua tunaandikiana habari za kamari atatushushia mawaidha mpaka Idi, kwa hiyo barua hii ibaki kwako.)

Hesabu kwanza. Una kopa nne, unangoja moja tu zitimie tano za aina moja, mkono wenye nguvu. Kopa ni 13, nne unaziona, kwa hiyo zimebaki tisa katika karata 47 usizoziona. Karata ya nne peke yake huleta kopa kama mara 19 katika 100. Ukiwa na hakika ya kuziona zote mbili, ya nne na ya tano, unafika 35. Miaka yote niliyogawa karata kasino nimewasikia wachezaji wakitaja hiyo 35 huku wamelipia karata moja tu. Ikitoka ya nne bila kopa, mzee ataweka dau jingine, na wewe utaanza kulipa upya. 35 ni ya yule ambaye chipu zake zote zimeshaingia, hakuna tena wa kumtoa.

Kulipa 3,000 maana yake unatoa robo ya kitita, yaani pesa za katikati zitakazofika 12,000, kwa nafasi isiyofika hata moja katika tano. Peke yake hailipi. Inalipa ikiwa, kopa ikishakuja, utamtoa mzee kama 3,700 nyingine kwa wastani. Hilo linawezekana, ila kopa tatu zikishalala mezani hata mlevi husita kutoa pesa. Na wewe hukushika kopa kubwa. Mwenye malkia wa kopa na kopa nyingine mkononi angekumaliza siku ileile ulipopata ulichokitaka.

Sasa kuzisukuma zote, na hapa ndipo vijana mnapoona ushujaa mahali penye hesabu. Mzee akitupa, unazoa 9,000 bila kuonyesha karata. Akilipa, kitita kinakuwa 30,000, na fungu lako la 35 katika 100 ni 10,500. Umeweka 12,000, kwa hiyo kwa wastani unapoteza 1,500. Ukizipima pande hizo mbili, akitupa zaidi ya mara moja katika saba, wewe una faida. Moja katika saba tu! Ndiyo maana wachezaji wazuri husukuma na karata ambayo bado haijawa kitu, lakini husita kulipa wanaposukumiwa wao. Anayelipa hana njia ya pili ya kushinda; mpaka kopa ije.

Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba mzee huyo "hajawahi kutupa karata tangu azaliwe". Basi ile moja katika saba futa, ubaki na hasara yako ya 1,500. Na akiwa na tano mbili mkononi, ambazo na ile ya mezani ni tatu, fungu lako linashuka karibu na robo, kwa sababu hata kopa ikija anaweza kukupita mezani pakijirudia karata: tatu za namba moja na mbili za nyingine hushinda kopa tano. Kwa mtu wa namna hiyo mimi ningelipa 3,000, maana asiyejua kutupa ndiye pia atakayekulipa kopa ikitoka. Isipotoka, akaweka dau kubwa, ningetupa bila kuumia.

Kuna jambo hukuniambia, nalo linageuza jibu: mzee alibakiwa na kiasi gani? Kama baada ya kuweka 3,000 alibaki na 2,000 tu, sukuma mara moja, hata kama hatupi. Hapo unahatarisha 5,000 kwa kitita cha 16,000, na fungu lako ni 5,600. Kama alikuwa na nyingi kuliko wewe, jibu ni lile la juu. Haya ni ya meza ya pesa. Kwenye mashindano, ambako chipu zikiisha unakwenda nyumbani, ningekuwa mgumu zaidi.

Niandikie alikuwa na ngapi.

Mama